Saa Nane ya Nani

Siku ya kuzaliwa ya mabinti pacha wale wawili ilikatwa vipande viwili. Saa tatu na dakika kumi asubuhi ilikuwa ya Tangulia: chai ya maziwa, keki ndogo, mshumaa mmoja, na Mama Mdogo akipiga makofi peke yake kama umati mzima. Saa nane na dakika hamsini mchana ilikuwa ya Chelewa. Hapo Mama Mdogo alivuta mapazia, akazima redio, akaketi mbele ya picha ya dada yake marehemu. Makofi hayakuwepo. Saa kumi kamili, saa aliyokufa mama yao, aliinuka, akafungua mapazia, akasema, "Haya. Yamepita."

Yalikuwa yamepita mara thelathini.

Majina ya vyeti vyao yalikuwa mengine, ila nyumbani hayakuwa na kazi. Mmoja alitangulia, mwingine akachelewa, basi. Mama Mdogo ndiye aliyewalea. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipofika wodini, jua limeshazama, akakabidhiwa vichanga viwili na kadi mbili na muuguzi aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia zamu na hakujua lolote zaidi ya kuvuja damu na saa ya kifo. Baba yao, dereva wa malori ya masafa marefu, alifika siku ya tatu, na tangu hapo hakukaa sana popote. Kwa hiyo habari yote ya kuzaliwa kwao ilitoka kwenye zile kadi. Moja iliandikwa 3.10. Nyingine, 8.50. Mama Mdogo alihesabu kwa vidole, akapata saa sita kasoro dakika ishirini, akaelewa. Mtoto wa kwanza alitoka salama. Wa pili alikataa. Alimning'iniza mama yake kati ya uhai na kifo mpaka mchana, na alipokubali kutoka, mama hakuwa na kitu kilichobaki.

"Sisemi kwa ubaya," Mama Mdogo alizoea kuwaambia wageni. "Mtoto hajui. Lakini huyu Chelewa ndiye aliyemmaliza."

Na kweli hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema chumvi imepungua. Chelewa alikua na sentensi hiyo mpaka ikawa kama meza ya sebuleni: huioni tena, lakini kila siku unajigonga.

Ukubwani akawa fundi wa miwani. Alifanya kazi nyuma ya duka, kwenye chumba chenye dirisha moja na mashine ya kusaga lenzi, mbali na wateja. Wenzake walimfupisha wakamwita Chele, na mteja mmoja aliwahi kuuliza, "Chele? Na Maharage yuko wapi?" Chelewa alicheka na wenzake. Hakueleza.

Kazi aliipenda kwa sababu ilikuwa na kipimo. Jicho lililopinda linataka lenzi iliyogeuzwa kwa nyuzi zake hasa za pembe, si zaidi, si pungufu. Kosea nyuzi tano tu, mteja anarudi kesho ameshika kichwa.

Mpima alikuja kama mteja. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mzee mrefu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama wembe. Siku hiyo Chelewa mwenyewe ndiye aliyemjaribisha miwani.

"Nina macho mabovu na kazi ya mbali," mzee alisema.

"Kazi gani, mzee wangu?"

"Mbingu."

Akaacha kikaratasi juu ya kaunta. *Elimu ya nyota kwa wanaoanza. Jumamosi saa tisa alasiri, chumba cha juu ya duka la vifaa vya shule. Njoo na tarehe, mahali na saa uliyozaliwa.*

Chelewa alilisoma neno "saa" mara tatu. Maisha yake yote saa yake ilikuwa na maana moja. Alitaka kujua kama ina nyingine. Au kama hata huko juu kesi ni ile ile.

*

Walikuwa wanafunzi sita kwenye viti vya plastiki. Mbele yao palikuwa na ubao, chaki, na Mpima.

"Nyota haimsukumi mtu," alianza. "Nimepima viwanja miaka thelathini. Ramani haijengi nyumba. Inakuonyesha mteremko uko wapi. Atakayekwambia nyota zimekwisha kukuamulia, mwombe risiti."

Akachora duara kubwa kwa mkono, likatoka bila kasoro. "Nyuzi mia tatu na sitini. Gawa mara kumi na mbili. Kila kipande ni buruji: Kondoo, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo, Samaki. Jua hukaa mwezi mmoja hivi katika kila buruji. Mtu akisema 'mimi ni Simba,' anakwambia tu Jua lilikuwa wapi siku aliyozaliwa. Hiyo ni kumjua mtu kwa kofia."

"Na mwili wake?" aliuliza mwanamke mmoja, muuza maua.

"Subiri, mama. Mwezi huhama buruji kila baada ya siku mbili na nusu. Huo ndio moyo: unachokihisi watu wakishaondoka. Cha tatu ndicho kilichonifanya niwadai saa." Akagonga upande wa kushoto wa duara. "Hapa ni mashariki. Dakika ulipovuta pumzi ya kwanza, kuna buruji iliyokuwa inachomoza hapa. Hiyo hubadilika kila saa mbili hivi. Uzi mmoja kila dakika nne. Hiyo ndiyo mlango wako. Bila saa, una nyumba isiyo na mlango."

"Na mapacha?" muuza maua hakuchoka. "Si wana siku moja?"

"Wa buruji au wa tumbo?"

"Wa tumbo."

"Hao hutenganishwa na mlango."

Chelewa aliinamisha kichwa akachonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongoka.

Jumamosi ya pili walifika kwenye nyumba. Nyumba ni kumi na mbili vilevile, Mpima alieleza, na huhesabiwa kuanzia mlangoni: ya kwanza ni nafsi yako, ya pili mali, ya nne wazazi na ulikotoka, ya saba mwenzi. Alipofika ya nane alikohoa kidogo. "Ya nane ni kifo, urithi, na mizigo wanayotuachia wengine. Ya kumi na moja ni marafiki, matumaini, na wale unaotembea nao."

Kisha akawapa onyo. "Kitabu changu kinahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Saa zenu za mchana ziongezeeni sita kwanza. Ukizisahau sita hizo, umemhamisha mtu nyumba tatu. Haya, binti wa miwani, saa yako?"

"Saa nane na dakika hamsini. Mchana."

"Ongeza sita: kumi na nne na hamsini. Jua limeshapita utosini, linateremka magharibi. Weka."

Chelewa alikuwa amekuja na kipimapembe chake cha kazini. Aliweka, akapima, akapima tena kama anavyofanya lenzi ya mteja mkorofi. Jua lake la Mizani likaangukia nyumba ya nane.

Akaweka penseli chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Wengine walipoteremka ngazi, Mpima alibaki akifuta ubao. "Limekuingia kama mwiba," alisema bila kugeuka.

Chelewa akamsimulia: kadi, mapazia, saa kumi kamili. Hakulia. Alikuwa hajawahi kuisimulia mwanzo hadi mwisho, na alishangaa ilivyokuwa fupi.

"Nyumba ya nane si hukumu, mwanangu. Mimi mwenyewe nina..."

"Mzee, usinipoze. Nimekuja na saa, umenipa nyumba. Na nyumba yenyewe ni ile ile niliyokulia."

Mpima akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. "Hiyo kadi imeandika 'mchana'?"

"Imeandika 8.50."

"Nimesikia. Mchana nani kasema?"

"Tumesema sisi," akajibu.

"Mpima hapimi kiwanja kwa kusimuliwa," mzee akasema. "Katazame kadi."

*

Kadi zilikuwa zimebandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa albamu ya Mama Mdogo.

"Za nini?"

"Za masomo, Mama Mdogo."

"Masomo ya nyota! Wenzako wanasoma kompyuta." Lakini alimpa. "Ukiipoteza usirudi."

Kesho yake wenzake walipokwenda kula, Chelewa alikaa na albamu chini ya taa ya kazi. Kadi ya Tangulia ilikuwa na mwandiko wa mviringo, wino mweusi: *Pacha. 3.10 asub.* Yake ilikuwa na mwandiko wa kulala, wino wa buluu: *Pacha. 8.50.* Hakuna "asub." Hakuna "mchana." Mikono miwili tofauti, na miaka yote hiyo hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Akachemsha birika dogo analolainishia fremu, akaushika ukurasa juu ya mvuke mpaka gundi ikakubali, akapitisha wembe mwembamba chini ya kadi. Nyuma ya ile ya Tangulia hapakuwa na kitu. Nyuma ya yake palikuwa na neno moja na tarakimu kwa ule ule wino wa buluu, ule ule mwandiko wa kulala:

*Chanjo 14.00.*

Saa kumi na nne. Katika saa zetu hakuna saa kumi na nne. Ukifika kumi na mbili unaanza moja upya. Aliyeandika hivi alikuwa akihesabu kama kitabu cha Mpima, kuanzia usiku wa manane. Na kama alihesabu hivyo nyuma ya kadi, alihesabu hivyo mbele. 14.00 yake ilikuwa saa nane kamili mchana. Kama Chelewa alizaliwa saa nane na dakika hamsini, basi alichanjwa dakika hamsini kabla hajazaliwa.

Akacheka. Kicheko kilitoka peke yake katika chumba kitupu, kikamshtua.

8.50 ilikuwa saa mbili na dakika hamsini asubuhi. Hakumng'ang'ania mtu mpaka mchana. Kadi ya Tangulia, yenye "asub." yake, ilihesabu saa zetu: dakika ishirini baadaye, saa tatu na kumi, akazaliwa mwenzake. Dakika ishirini! Yeye ndiye aliyetangulia.

Kicheko kikafa hapo hapo. Kwa maana kama yeye alitangulia, wa mwisho alikuwa dada yake. Sentensi ya Mama Mdogo haikufa. Ilikuwa inahama kiti tu.

Kwa siku nne alitembea na kadi kwenye mkoba. Kuna nyakati alijiona sebuleni, akisema, na macho ya Mama Mdogo yakigeuka kutoka kwake kwenda kwa Tangulia, mara moja tu, ajue na yeye inavyokuwa. Wazo hilo lilikuwa na utamu, naye hakujidanganya kwamba halina. Halafu alimkumbuka Tangulia wakiwa na miaka saba, akificha nusu ya keki yake ya asubuhi ndani ya soksi ili amlishe mwenzake mchana, nyuma ya mapazia. Keki yenye nyuzi za soksi. Waliila yote.

Jumamosi alimwekea Mpima kadi mezani, zote mbili, uso na mgongo. Mzee alisoma, akapiga ulimi taratibu.

"Chora upya."

Alichora. Saa mbili na hamsini: Jua katika nyumba ya kumi na moja. Saa tatu na kumi: ya kumi na moja vilevile. Kati ya mlango wake na mlango wa dada yake palikuwa na nyuzi tano.

"Unaona? Umehama nyumba ya nane. Mko ya kumi na moja, wote wawili."

"Naona, mzee. Lakini Mama Mdogo hasomi nyumba. Anasoma nani alikuwa wa mwisho."

Chelewa aliendelea kulitazama duara. Kisha, kwa mazoea tu ya mtu asiyeacha kipimo nusu, akaongeza alama ya tatu: saa kumi alasiri. Akaweka kipimapembe kati ya alama ya dada yake na ile ya mama yake.

Nyuzi mia moja na mbili na nusu. Ubavu mzima wa mbingu. Muda wa saa saba kasoro dakika kumi, na katika kadi zote mbili, mbele na nyuma, jina la mama halikutajwa.

*

"Kaeni," aliwaambia Jumapili mchana.

"Tumekaa," Tangulia akasema. "Unataka tulale?" Alikuwa karani wa posta, alikuwa amezoea watu wanaofika na bahasha wakiwa na nyuso kama ile.

Mama Mdogo alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja.

Chelewa alitandaza mchoro mezani, akaweka kadi pembeni, akaeleza: miandiko miwili, saa za aina mbili, chanjo. Tangulia, ambaye hugonga mihuri ya tarehe na saa mchana kutwa, alikuwa wa kwanza kufika.

"Ngoja kwanza. Yaani wewe ndiye mkubwa?"

"Kwa dakika ishirini."

"Mungu wangu! Miaka yote nakutuma dukani kwa cheo cha ukubwa, kumbe cheo cha kughushi! Chele, hutalipiza, eh? Mimi miguu inaniuma."

Chelewa akatabasamu. Kisha akauona uso wa dada yake unaanza kubadilika, polepole, kama kioo kinachoshikwa na ukungu.

"Basi wa mwisho ni mimi," Tangulia akasema. "Basi mimi ndiye..."

"Hapana." Chelewa aliweka kiganja juu ya mchoro. "Sentensi hiyo haihami. Inaishia kwangu."

Mama Mdogo akaacha kukunja.

"Tazameni," Chelewa akasema. Akaondoa kiganja. "Hapa tumezaliwa, mimi na wewe, karibu hivi hata kidole hakipiti. Hakuna aliyekataa kutoka. Na hapa amekufa. Hapa katikati yuko hai, anavuja damu, sisi tuko kando tumefunikwa blanketi. Kuna mtu alikumbuka kuandika chanjo yangu. Yeye hakuna aliyemwandika."

Mama Mdogo aliichukua kadi ya wino wa buluu. Aliipeleka mbali na macho, akaisogeza, akaipeleka mbali tena.

"Kumi na nne," akasema. "Niliibandika mwenyewe. Kwa gundi ya unga. Nilitaka isipotee."

Nje mtu alikuwa anaburuta pipa la taka kwenye lami.

"Alikaa hivyo saa saba?"

"Kasoro dakika kumi, Mama Mdogo."

"Nilikuwa nafua," Mama Mdogo akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. "Jirani aliniletea habari asubuhi kwamba dada amepelekwa wodini. Nikasema, kujifungua si ugonjwa, nimalize nguo kwanza. Zilikuwa nyingi. Nikazianika. Nikapika. Nikaoga." Alikuwa bado ameshika kadi. "Wangeniambia amekaa peke yake tangu saa tatu, ningejua saa tatu nilikuwa wapi. Nikaona bora awe amechelewa mtoto. Maana aliyechelewa..."

Miaka thelathini alikuwa amempa mtu jina, na sasa jina lilikuwa limerudi nyumbani na kubisha hodi.

Chelewa alilisikia likibisha. Alikuwa na haki ya kulifungulia mlango; hakuna ambaye angemlaumu. Alinyoosha mkono akachukua shuka iliyobaki kwenye kapu, akampa Mama Mdogo ncha mbili, akabaki na mbili.

"Nimesema inaishia kwangu," akasema. "Vuta."

Wakaikunja.

*

Wiki mbili baadaye ilikuwa siku yao. Saa mbili na nusu Mama Mdogo alikuwa ameshatandika meza na kuitazama saa ya ukutani kama mtu anayengoja treni. Saa mbili na dakika hamsini akamimina kikombe kimoja, akakiweka mbele ya Chelewa, akapiga makofi. Yalitoka hafifu, mikono yake haikujua ielekee wapi.

"Wewe ngoja," akamwambia Tangulia aliyenyoosha mkono. "Zamu yako bado."

"Ama kweli ukubwa ni jalala," Tangulia akasema, "na mimi nilikuwa nalipenda jalala langu."

Wakangoja. Chelewa alikunywa taratibu. Dakika ishirini zilikuwa muda wa chai kupoa, wala si zaidi. Saa tatu na kumi Mama Mdogo akamimina cha pili, akapiga makofi tena, safari hii vizuri.

Kisha akaleta kiti cha nne, akakiegemezea picha ya dada yake. Redio aliizima. Mapazia aliyaacha wazi.

"Leo tunakaa naye," akasema. "Tangu sasa mpaka saa kumi. Mwenye kazi akaifanye hapa."

Wakakaa. Tangulia alishona kifungo. Mama Mdogo alisimulia jinsi dada yake alivyokuwa akicheka mpaka anapiga chafya, jambo ambalo pacha wale walikuwa hawajawahi kuambiwa, na wakatazamana, kwa sababu Chelewa hupiga chafya akicheka. Mwanga ulitoka kwenye zulia, ukapanda mguu wa meza, ukaondoka dirishani, na Chelewa aliufuata akilini: nyumba ya kumi na moja, ya kumi, ya tisa. Saa nane ukaingia ya nane. Ulikuwa mwanga tu wa mchana.

Saa nane na dakika hamsini mkono wa Mama Mdogo uliinuka kwa mazoea kuelekea kwenye pazia. Ukasimama hewani. Ukarudi mapajani.

Saa kumi ikafika. Waliisikia ikifika. Mama Mdogo aliitazama saa, akaitazama picha, hakuinuka.

"Tukae dakika ishirini nyingine," akasema.